Mtoto alale mwenyewe usiku: njia tano na namna ya kuchagua

Usingizi wa mtoto mchanga hukatikakatika. Mzunguko mmoja huchukua takriban dakika 50 hadi 60, na mwishoni mwake mtoto huzinduka kidogo: hugeuka, hufumbua macho, hupapasa. Akikuta mambo yako kama yalivyokuwa alipolala, hurudi usingizini bila mtu kujua. Akikuta yamebadilika (alilala na ziwa mdomoni, sasa halipo, alilala begani, sasa yuko kwenye godoro) huita. Anaweza kuita mara tano kwa usiku mmoja, na kila mara anataka kilekile kilichomlaza mwanzo.

Kwa hiyo mtoto anayeamka ovyo usiku hufundishwa jioni, si saa nane za usiku. Akijua kusinzia mwenyewe mara ya kwanza, sehemu kubwa ya miamko ya baadaye hupungua bila kushughulikiwa, isipokuwa ile ya njaa. Hapa tunalinganisha njia tano zinazotumiwa sana. Zote zimewasaidia watoto wengi. Tofauti iko kwenye nani anabeba mzigo, kwa siku ngapi, na kosa gani huiharibu kila moja.

Vipimo vya kuchagulia

Umri ndio wa kwanza. Kabla ya miezi minne saa ya mwili wa mtoto bado inajipanga, tumbo ni dogo, na kunyonya usiku ni lazima. Katika kipindi hicho hakuna cha kufundisha zaidi ya kumlaza mara mojamoja akiwa bado macho. Akigoma, mbembeleze tu. Njia zenye kilio kingi ni busara kuziacha mpaka karibu miezi sita. Aliyezaliwa njiti ahesabiwe umri kuanzia tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa.

Cha pili ni kilio, na hapa watu hudanganyika. Huwa wanauliza kama njia fulani ina kilio au haina, ilhali karibu zote zinacho. La kuuliza ni kama kitakuwa kikali cha siku chache au cha wastani cha wiki mbili tatu, na kama mtoto atakuwa peke yake au na mtu pembeni. Ukijumlisha dakika zote, njia inayoitwa ya upole mara nyingine huzidi ile kali.

Vingine ni hivi: siku zinazohitajika, kazi ya mlezi, ya mwili na ya moyo, nyumba yenyewe, yaani vyumba, majirani na watoto wengine, na tabia ya mtoto. Hiki cha mwisho hupuuzwa mno. Kuna mtoto anayetulia akikuona, na kuna anayechachamaa kwa sababu anakuona na humchukui. Unamjua wako ni yupi kabla hujaanza.

Ya kuweka sawa kabla ya njia yoyote

*Afya.* Usianze mtoto akiwa na homa, sikio linalouma, mafua mazito, au ndani ya siku chache baada ya chanjo. Mtoto anayekoroma kila usiku, anayekatika pumzi usingizini, asiyeongezeka uzito, au anayejipinda mgongo na kulia kila baada ya kunyonya, aonwe na daktari kwanza. Hakuna njia ya kulaza inayotibu maumivu.

*Usalama.* Alazwe chali kila mara, juu ya godoro gumu kiasi, lililo bapa, lenye shuka iliyobana. Kitandani pasiwe na mto, blanketi la kujifunika, mdoli wala kinga laini za pembeni. Akianza kuonyesha dalili za kujigeuza, acha kumviringisha kwa shuka. Inashauriwa mtoto alale chumba kimoja na mlezi, kwenye kitanda chake, kwa angalau miezi sita ya mwanzo. Anaweza kabisa kujifunza kusinzia mwenyewe humohumo.

*Saa.* Kwa uzoefu wa wengi, hapa ndipo penye tatizo zaidi ya njia yenyewe. Mtoto asiye na usingizi atalia kwa njia yoyote, na aliyepitiliza uchovu naye atalia. Kwa makadirio, kati ya kuamka kutoka usingizi wa mwisho wa mchana na kulazwa usiku, mtoto wa miezi 4 hadi 5 hustahimili saa moja na nusu hadi mbili. Wa miezi 6 hadi 8, saa mbili hadi tatu. Wa miezi 9 hadi 12, saa tatu hadi nne. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linataja saa 12 hadi 16 za usingizi kwa siku nzima kwa mtoto wa miezi 4 hadi 11, mchana na usiku vikijumlishwa. Akilala jumla ya saa tano mchana, usimdai usingizi wa saa kumi na mbili usiku.

Andika kwa siku tano hadi saba: alilazwa saa ngapi, alisinzia saa ngapi, aliamka saa ngapi. Karatasi hiyo itakusaidia kuchagua kuliko ushauri wa mtu yeyote.

*Mfululizo wa jioni.* Dakika 20 hadi 40, mambo yaleyale kwa mpangilio uleule: kuoga au kufutwa, kunyonya, nepi, nguo za kulalia, wimbo, kitandani. Kunyonya kuwe mwanzoni, taa ikiwa bado inawaka, ili ziwa au chupa isiwe kitu cha mwisho kabla ya usingizi. Taa ipunguzwe mapema. Anapowekwa kitandani awe amelegea lakini macho wazi. Akishaanza kufumba na kupumua kwa uzito umechelewa, na umemlaza wewe.

Anzeni na usingizi wa usiku peke yake. Usingizi wa mchana hauna msukumo mkubwa wa uchovu, ndiyo maana hufundishika kwa shida. Wiki ya kwanza endelea kumsaidia mchana kama ulivyozoea ili asifike jioni akiwa hoi.

1. Kutoka na kurudi kwa vipindi

*Inavyofanywa.* Unamlaza akiwa macho, unasema maneno mafupi yaleyale ya kila siku, unatoka. Akianza kulia kweli, unawasha saa ya simu. Kunung'unika, kuguna na kilio cha kupanda na kushuka havihesabiwi. Akinyamaza kisha akaanza tena, unahesabu upya. Muda ukifika unaingia, unakaa dakika moja au mbili, unamwekea mkono kifuani au unasema naye kwa sauti ya chini, humnyanyui, unatoka hata kama bado analia. Kuingia huku hakukusudiwi kumnyamazisha. Ni kumjulisha kwamba upo, na kuhakikisha hajabanwa mguu wala hajachafuka. Ngazi inayotumika sana ni hii, kwa dakika:

| Usiku | Kusubiri kwa kwanza | Kwa pili | Kwa tatu na kuendelea |
|---|---|---|---|
| 1 | 3 | 5 | 10 |
| 2 | 5 | 10 | 12 |
| 3 | 10 | 12 | 15 |
| 4 | 12 | 15 | 17 |

Namba hizi si amri. Anayeona dakika kumi hazivumiliki anaweza kuanza na 1, 3 na 5. Muhimu ni kwamba zinapanda, na hazishuki usiku wa pili kwa sababu wewe umechoka.

*Kilio na muda.* Usiku wa kwanza, dakika 30 hadi 60 si ajabu. Usiku wa pili au wa tatu huwa mbaya zaidi kwa watoto wengi: mbinu ya zamani imeacha kujibu, basi mtoto anaiongezea nguvu kabla ya kuitupa. Wengi hutulia kati ya usiku wa tatu na wa saba. Baada ya hapo hutokea usiku mmoja wa kilio kirefu bila sababu, pengine wiki ya pili. Hupita ukiujibu vilevile.

*Inapoharibika.* Mara nyingi ni usiku ule wa pili au wa tatu. Mtoto amelia dakika 50, mzazi anamnyanyua na kumnyonyesha mpaka alale. Alichojifunza mtoto ni kwamba dakika 50 zinalipa, na kesho hataishia 20. Kosa la pili ni kuingia kwa mtoto ambaye kila akikuona anawaka upya. Dalili yake ni wazi: kilio kilikuwa kinashuka, umeingia, kimepanda maradufu. Huyo mrefushie vipindi, au mchungulie bila yeye kukuona. Wapo watoto wanaotapika kwa kulia. Msafishe haraka, taa ndogo, maneno machache, umrudishe kitandani na kuendelea ulipoishia.

*Inamfaa nani.* Mtoto wa kuanzia miezi sita anayetulizwa na kukuona, na wazazi wawili waliokubaliana mapema, au mmoja mwenye msimamo. Kama mama ananyonyesha, mara nyingi kazi ya kuingia humwendea vizuri zaidi mtu mwingine, kwa sababu harufu ya maziwa humkumbusha mtoto anachokikosa.

2. Kutoka bila kurudi

*Inavyofanywa.* Mfululizo uleule, maneno yaleyale, unatoka, na hurudi mpaka saa ya kunyonya mliyoipanga au asubuhi. Unarudi tu kwa sababu za kweli: homa, kutapika, kujibana, nepi chafu, au kilio cha aina usiyoijua. Ni lazima uweze kumsikia, na ikiwezekana kumwona kwa kamera au mlango ulioegeshwa.

*Kilio na muda.* Ndiyo yenye kilio kikali zaidi usiku wa kwanza, mara nyingine zaidi ya saa nzima, na ndiyo fupi kuliko zote: siku tatu hadi tano kwa wengi. Usiku wa pili wenye kilio zaidi upo hapa pia.

*Inapoharibika.* Hupasuka upande wa mzazi. Anayevumilia dakika 40 kisha akaingia amejikuta kwenye njia ya kwanza bila mpango, kwa ngazi mbaya. Njia hii haina nusu. Tena, mtu mzima aliye kwenye huzuni nzito baada ya kujifungua, au anayesikia hasira ikimpanda kilio kikirefuka, asiichague. Na kwa mlezi yeyote, njia yoyote: ukihisi unaishiwa nguvu, mlaze chali mahali salama, funga mlango, toka upumue dakika kumi, omba mtu aje. Kumtikisa mtoto kunaweza kumuua.

*Inamfaa nani.* Mtoto wa kuanzia miezi sita anayechachamaa kila unapoingia, mwenye chumba chake, na mzazi aliyejipima akaona ataweza. Haifai familia inayolala chumba kimoja, wala nyumba yenye ukuta mwembamba na majirani watakaogonga mlango.

3. Kukaa kitini na kusogea

*Inavyofanywa.* Unamlaza akiwa macho, unakaa kwenye kiti karibu na kitanda mpaka asinzie. Siku tatu za kwanza unaweza kumpapasa au kumwekea mkono. Tatu zinazofuata kiti ni palepale, mkono umeondoka, imebaki sauti ya "shii" mara mojamoja. Kisha kiti kinahamia katikati ya chumba, kisha mlangoni, kisha nje ya mlango anaposikia mwendo wako, siku mbili au tatu kila hatua. Muda wote humtazami usoni wala huzungumzi naye. Wewe ni mtu wa kuchosha aliyekaa gizani.

*Kilio na muda.* Kilio cha wastani, chenye mtu pembeni, kinachochomoza upya kila kiti kinaposogea. Wiki mbili hadi tatu. Usiku wa kwanza unaweza kukaa hapo saa nzima. Kufikia usiku wa tano mara nyingi ni dakika 20.

*Inapoharibika.* Hii ndiyo njia yenye milango mingi ya kuteleza. Mzazi anasinzia kitini. Mzazi anaanza kucheza naye kwa sababu mtoto anachekesha. Mzazi anabaki hatua ya mkono kwa wiki nzima kwa kuwa "inafanya kazi", na kwa hakika inafanya: sasa mtoto hulala kwa mkono badala ya ziwa, na huamka akiutafuta. Simu nayo huharibu, maana mwanga wake unatosha kumwonyesha mtoto kwamba kuna jambo linaendelea. Panga tarehe za kusogeza kiti kabla ya kuanza, uziandike, uzifuate hata kama usiku uliopita ulikuwa mgumu.

*Inamfaa nani.* Mtoto mwenye woga wa kutengana, ambao huchomoza hasa kuanzia miezi minane au tisa na kuendelea mpaka baada ya mwaka. Inamfaa pia mzazi ambaye moyo wake haukubali kufunga mlango. Kwa familia ya chumba kimoja inageuzwa hivi: kiti kinakuwa kitanda chako, na hatua ni kusogeza kitanda cha mtoto mbali kidogokidogo, au kuweka pazia kati yenu. Haimfai mtoto ambaye uso wako ni tamasha.

4. Kunyanyua na kulaza tena

*Inavyofanywa.* Akilia, jaribu kwanza sauti na mkono. Akizidi, mnyanyue, mshike mpaka atulie, si mpaka alale, kisha mlaze tena akiwa macho. Analia tena, unanyanyua tena. Akinyamaza njiani kuelekea begani, mrudishe.

*Kilio na muda.* Kilio ni cha vipande vifupi, lakini kikao cha kwanza kinaweza kuchukua saa nzima au zaidi, chenye kunyanyua mara 30 au 40. Siku saba hadi kumi na nne.

*Inapoharibika.* Mstari kati ya kutulia na kulala ni mwembamba, na saa tano za usiku hauonekani. Sekunde 30 zaidi begani zinatosha kumlaza kabisa, na somo la usiku huo limekwisha. Upande wa pili ni mtoto mkubwa, kuanzia takriban miezi minane, ambaye kunyanyuliwa na kushushwa kunamchangamsha au kumkasirisha. Kwake hii haifundishi kitu, ni mchezo wenye machozi. Mgongo wa mlezi nao ni sehemu ya hesabu. Na ukichoka, usikae naye kwenye sofa "dakika moja tu": mtu mzima kupitiwa na usingizi kwenye sofa akiwa na mtoto ni miongoni mwa hali hatari kuliko zote za kulala.

*Inamfaa nani.* Mtoto wa miezi minne hadi saba, mwepesi wa kutulia mikononi, na mlezi mwenye mwili imara au mwenza wa kupokezana naye kila dakika 20.

5. Kuchelewesha saa ya kulala, kisha kuirudisha

*Inavyofanywa.* Hapa ndipo ile karatasi inapolipa. Tuseme unamlaza saa moja na nusu usiku, lakini kwa wastani husinzia saa tatu. Hiyo saa moja na nusu ya katikati ndiyo vita yenu, na mtoto ameshakizoea kitanda kuwa mahali pa kulilia. Usiku wa leo anza mfululizo ukichelewa, umweke kitandani saa tatu na robo. Uchovu wenyewe unafanya kazi uliyokuwa ukiifanya wewe. Akisinzia ndani ya dakika 15 kwa siku mbili mfululizo, rudisha nyuma dakika 15. Kwa mfano huu, kufika saa mbili kasorobo kunahitaji hatua sita, yaani karibu siku kumi na mbili.

Akiwa hajalala baada ya dakika 15 hadi 20 na analia, mtoe, mkae naye mahali penye mwanga mdogo bila mchezo kwa dakika 15, umrudishe. Saa ya kuamka asubuhi haibadiliki: alilala saa tatu na nusu au saa nne, ataamshwa saa kumi na mbili na nusu. Wala usingizi wa mchana haurefushwi kufidia.

*Kilio na muda.* Kidogo kuliko zote kwa watoto wengi, wiki mbili hivi.

*Inapoharibika.* Mzazi anaona huruma asubuhi na kumwacha alale mpaka saa mbili. Usiku unaofuata uchovu haupo, na hatua zote zinakwama. Kosa jingine ni kurudisha saa kwa pupa, dakika 45 kwa mkupuo. Na kama tatizo halikuwa saa, mfano mtoto husinzia ndani ya dakika tano ila kwa ziwa tu, kuchelewesha peke yake hakutoshi. Inabidi iambatane na mojawapo ya njia nyingine.

*Inamfaa nani.* Mtoto anayechukua zaidi ya nusu saa kusinzia kila usiku, wazazi wasiotaka kilio kirefu, na nyumba ambayo jioni zake zinaweza kurefuka kwa wiki mbili. Haimfai mtoto ambaye tayari amepitiliza uchovu kwa kulala kidogo mchana. Rekebisha mchana kwanza.

Je, kilio kinamdhuru?

Swali hili lina utafiti, ingawa si mwingi kama watu wanavyodhani. Mwaka 2016 utafiti wa Australia ulichapishwa ukiwa na watoto 43 wa miezi 6 hadi 16, ukilinganisha kurudi kwa vipindi, kuchelewesha saa, na kundi lililopewa maelezo tu. Njia zote mbili zilifupisha muda wa kusinzia, na mwaka mmoja baadaye watoto hawakutofautiana katika uhusiano wao na wazazi. Mwaka 2012, Australia hukohuko, ulichapishwa ufuatiliaji wa watoto 326 mpaka umri wa miaka sita, ambao wazazi wa baadhi yao walifundishwa kurudi kwa vipindi au kukaa karibu: hakukuonekana madhara ya kudumu.

Wanaopinga hutaja utafiti mwingine wa 2012, wa watoto 25, ulioonyesha kiwango cha homoni ya msongo kikibaki juu kwa watoto hata walipoacha kulia. Una uzito wake, lakini ni watoto wachache, na hakukuwa na kundi la kulinganishia.

Matokeo ya ule ufuatiliaji wa miaka sita yana upande ambao hausemwi sana: hakukuonekana faida ya kudumu pia. Maana yake ni kwamba kutofundisha kabisa ni uamuzi halali. Kama unamlaza kwa kumnyonyesha au kumpakata, anaamka mara mbili, nanyi mnalala vya kutosha, hakuna kitu kilichoharibika kinachohitaji kutengenezwa. Watu hufundisha usingizi kwa sababu wamechoka, na hiyo ni sababu tosha.

Kunyonya usiku

Kusinzia mwenyewe na kuacha kunyonya usiku ni mambo mawili. Watoto wengi wa miezi sita bado wanahitaji kunyonya mara moja au mbili. Weka kanuni rahisi: akiamka kabla ya saa tatu kupita tangu anyonye, tumia njia uliyochagua, zikishapita, mnyonyeshe kwa taa ndogo, umrudishe akiwa macho kidogo. Mtoto ambaye uzito wake unafuatiliwa hospitalini asipunguziwe mlo wa usiku bila daktari kusema.

Uchague nini, kwa hali yako

Mtoto hajafika miezi minne: usichague chochote. Panga jioni, mlaze akiwa macho mara moja kwa siku, basi.

Miezi minne hadi sita na umechoka sana: kunyanyua na kulaza, au kuchelewesha saa.

Karatasi inaonyesha anasinzia saa nzima au zaidi baada ya kulazwa: kuchelewesha saa kwanza, umri wowote baada ya miezi sita. Huenda usihitaji nyingine.

Anasinzia upesi lakini kwa ziwa au begani tu, na hutulia akikuona: vipindi, au kiti. Una likizo ya siku chache na mwenza wa kusaidiana, chagua vipindi. Huna mwenza na kazini unatakiwa kesho, kiti kitakuchosha kidogo kila siku badala ya kukuvunja siku tatu.

Kila ukiingia anazidi kuwaka: ama vipindi virefu, ama kutoka bila kurudi. Kumkalia pembeni kutawatesa wote wawili.

Mnalala chumba kimoja, au kuna majirani wa karibu: kuchelewesha saa, kisha kiti kilichogeuzwa kuwa kitanda chenu. Waambie majirani mapema. Wengi huvumilia wiki moja wakijua ina mwisho.

Mapacha: fundisha wote usiku mmoja. Mara nyingi mmoja huzoea kilio cha mwenzake haraka kuliko mnavyotarajia. Mkibidi kuwatenganisha, mtoeni anayelala vizuri ahamie kwingine kwa siku chache, si anayelia.

Wazazi hamkubaliani: chukueni ile njia ambayo mwenye moyo mwepesi kati yenu anaweza kuifuata kwa siku kumi na nne bila kuivunja. Njia ya polepole inayofuatwa huzidi ya haraka inayokatizwa. Bibi au msaidizi anayemlaza siku nyingine aelezwe hatua zilezile, ikiwezekana aandikiwe.

Mmezuiliwa na safari, kuhama au mtoto mwingine anayekaribia kuzaliwa: ahirisheni mpaka mpate wiki mbili tulivu. Aliyekwisha kujua akaugua, mhudumie kwa kila anachotaka. Akipona siku mbili, rudini kwenye njia ileile. Kurudi huku kwa kawaida huchukua siku moja hadi tatu.

Na zikipita wiki mbili za kufuata kwa makini bila badiliko lolote, usipande kwenye njia kali zaidi. Angalia vitu vitatu kwa mpangilio huu: saa ya kulazwa, kitu kidogo kinachobaki kikimlaza (chuchu bandia inayorudishwa mdomoni mara kumi, chupa ya mwisho, mkono), kisha afya, hasa masikio, kucheua na upungufu wa madini ya chuma. Hili la mwisho huthibitishwa kwa kipimo cha damu tu.